Kitufe cha Kukataa

Skola mwanangu,

Umekwenda Kasense kumuaga bibi yako, na mama yako yuko jikoni anakufungia maharage na unga wa ulezi kana kwamba Dodoma hakuna soko. Nimepata nafasi. Leo Jumapili zahanati imefungwa, nimekaa kwenye chumba changu cha kuonea wagonjwa, naandika kwa kalamu. Ningeandika kwenye simu ungejibu hapo hapo, tukaanza kujibizana, na wewe kwa kujibizana sikuwezi.

Habari za baridi, chakula, kanisa na nyumba ya kupanga, mama yako ameshazimaliza, na kesho stendi atazirudia. Mimi nataka kusema juu ya Kulwa. Najua hupendi nimtaje. Kila nikigusa jambo lile unainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Juzi mama yako akaniambia kwamba juu ya kazi yako mpya ya Dodoma ulimwuliza, "Mama, nitawafundishaje watu kitu ambacho mimi mwenyewe nilikiharibu?" Nikamsikiliza, lakini sikulala vizuri. Kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho, maana karatasi huwezi kuikatiza.

Nianze mbali kidogo. Serikali iliporuhusu tena watu binafsi kufungua zahanati, nilikuwa tabibu kijana, nimechoka kuhamishwa hamishwa vituo. Mtaa wa Majengo ulikuwa unachangamka. Kila wiki linafunguliwa duka jipya, redio zinapiga muziki mpaka barabarani, mitumba imemwagwa chini, na kila mtu anajiona mfanyabiashara. Nami nikakodi chumba kimoja. Katikati nikatundika pazia, upande huu mimi na mgonjwa, upande ule wanaosubiri kwenye benchi. Nilijiona nimefika.

Siku moja akaja mama mmoja, mtu mzima. Nikamwuliza maswali ya kawaida ya ugonjwa wake. Kila nilichouliza akajibu, "Hapana, daktari." Nikampa dawa za kutuliza maumivu, akaondoka. Mama yako, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa akipokea wagonjwa, akaingia akaniambia, "Yule hana hapana hata moja ya kweli. Jirani yake alikuwa kwenye benchi. Mimi mwenyewe nimesikia kila ulichomwuliza." Yule mama hakurudi tena. Nilipoanza kupata nafuu ya fedha, kabla ya kununua hadubini, nilijenga ukuta wa matofali mahali pa pazia. Ndio huu uliokulia ukiuchora kwa chaki.

Nakuambia haya ili ujue kiburi changu kilitoka wapi. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu Sumbawanga aliyesimama kusema kwamba neno lake limetoka kwangu. Nilijivunia hilo kuliko leseni iliyoko ukutani. Nilidhani kazi ya kutunza siri za watu nimeshaimaliza, imejengwa kwa matofali na saruji.

Kisha wewe ukarudi kutoka chuo Mbeya, ukatutengenezea tovuti. Unakumbuka tulivyofurahi? Mimi nasema, wewe unaandika: homa za watoto, lishe ya wajawazito, na ile makala ya uzazi kwa wanaume ambayo mama yako alisema haitasomwa na mtu. Nilikuwa nikimaliza kazi nakuja kukuuliza, "Leo wamekuja wangapi?" Kesho yake tena, "Leo je?" Nilikuwa kama mtoto. Ukachoka kubahatisha majibu, ukaweka kile kifaa cha bure cha kuhesabu wasomaji, kilichotolewa na kampuni ya matangazo huko ughaibuni. Umejilaumu sana kwa kifaa kile. Lakini jiulize, kilitafutwa kwa sababu ya nani? Wewe hukuwa na shida ya kujua wamekuja wangapi. Mimi ndiye niliyekuwa nayo.

Na sheria mpya ya kulinda taarifa binafsi ilipokuja, aliyeniletea habari ni wewe. Ulisimama hapo mlangoni na simu mkononi.

"Baba, inabidi tujisajili kwenye tume ya taarifa binafsi. Na tovuti lazima iwaulize watu kabla ya kuchukua taarifa zao."

"Sisi tunachukua taarifa gani kwenye tovuti? Tunawapa elimu tu."

"Kuna vidakuzi, Baba. Vile vijipande vya kumbukumbu ambavyo tovuti inaviacha kwenye simu ya mtu, ili akienda kwingine ajulikane alikotoka."

"Hiyo ni sheria ya mabenki na makampuni ya simu," nikakuambia. "Sisi ni zahanati ndogo. Tutafanya mwezi ujao."

Mwezi ujao ukaja na malaria yake, na mwingine ukaja na ukaguzi. Hukunisukuma, kwa sababu mimi ni baba yako. Huko uendako, mama, wasukume. Watakuambia kama nilivyokuambia mimi, kwa heshima na kwa tabasamu, na watakuwa wamekosea kama nilivyokosea mimi.

Sasa nisikilize upande wangu wa habari ya Kulwa, maana unaujua wa kwako tu.

Mara ya kwanza alikuja peke yake kutoka kijiji cha Kate, akasema tumbo linamsumbua. Nilimpima, tumbo halikuwa na kitu. Akakaa. Akasifu dirisha. Akauliza kama mvua za huku mjini zimekuwa nzuri. Mtu aliyepanda gari kutoka Kate hasafiri kuja kusifu dirisha, nikajua ana neno. Baadaye akasema yeye na mkewe Mbuke wameishi miaka mingi bila mtoto, na kwamba nyumbani wanamsumbua aoe mwingine. Nikamwuliza kama yeye mwenyewe ameshapimwa. Akainamisha kichwa. Nikaona nikimbana ataondoka kama yule mama wa pazia. Nikamwandikia jina la tovuti yetu, nikamwambia, "Kasome kwanza nyumbani, taratibu. Hakuna atakayekuona."

Hakuna atakayekuona. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, juu ya kitu ambacho sikijui kinavyofanya kazi. Wewe hukuwepo chumbani. Neno lile halikuwa lako, na ndilo alilokuja kunidai.

Akasoma. Simu ile ya kupangusa ni moja kwa nyumba nzima, wanaangalia humo bei za ng'ombe, wanaangalia mpira. Baada ya siku chache matangazo yakaanza kuingia: dawa za wanaume wasiozalisha, mizizi ya nguvu za kiume, waganga wa mtandaoni. Kila ukurasa wanaofungua, yapo. Kaka yake mkubwa akachukua simu kuangalia bei za mnada, akakutana nayo. Jioni watu wameketi kula, akayasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, akauliza, "Haya ni ya nani?" Watu wakacheka. Mbuke alikuwepo. Mama mzazi wa Kulwa alikuwepo.

Siku aliyorudi kwangu hakunipa shikamoo. Kijana wa Kisukuma aliyelelewa vizuri vile, amesimama mbele ya mzee na asiseme shikamoo! Nikajua pana jambo zito.

"Uliniambia hakuna atakayeniona," akasema. "Umenitangaza."

"Kulwa, mimi sijamwambia mtu yeyote."

"Nani mwingine alijua? Nilikuja kwako tu. Kwako!"

Unajua nilijibu nini, maana ulikuwa chumba cha pili. Niliinuka nikamwambia kwamba mimi nimefanya kazi hii kabla yeye hajazaliwa, sijatoa siri ya mgonjwa hata siku moja, na kama amekuja kunivunjia heshima mlango ni ule pale. Akaupita. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nina haki. Sijui kama umewahi kuwa na uhakika wa namna ile. Unapasha mwili joto, na masikio yanaziba.

Wewe ukaketi kwenye kompyuta. Nilikusikia ukibonyeza, kimya, ukibonyeza. Ulipotoka ulikuwa umebadilika sura.

"Baba, alichosema ni kweli. Tumemtangaza."

Ukanieleza kwamba kile kifaa cha kuhesabu kilikuwa pia kinawaambia wenye matangazo ni simu ipi imesoma ukurasa upi. Ukasema yote yalikuwa yameandikwa kwenye masharti marefu ya Kiingereza, na wewe ulibonyeza kukubali bila kuyasoma. Kwanza sikukuelewa. Nilikuambia urudie, ukarudia, na mara ya pili nikaketi. Hasira zote zikaniisha.

Na hapo, mwanangu, ndipo ninapotaka ukumbuke vizuri nani alisema nini. Mimi nilisema, "Kitoe hicho kifaa leo hii, na tusiseme kwa mtu. Kule Kate nani atajua?" Wewe, huku unalia, ukasema, "Hapana, Baba. Sheria inataka aliyeguswa aambiwe. Na hata isingetaka, yule mtu anaamini wewe ndiye uliyemsaliti. Utamwacha aamini hivyo?"

Nilikuwa na mvi kichwani na ukuta wa matofali nyuma yangu, na nikakubali twende Kate.

Kwa hiyo unapojiona wewe ni yule aliyebonyeza bila kusoma, mimi namwona yule aliyesema hapana. Wote wawili ni wewe, sikatai. Ila mmoja unambeba kila siku na mwingine umemsahau.

Safari ya Kate sitaisimulia yote. Upepo ulikuwa mkali, vumbi la barabara likakufanya mwekundu mpaka kope, nawe ukawa unarudia rudia maneno yako chini kwa chini kama mtoto anayekwenda komunyo ya kwanza. Walitupokea kwa maziwa mgando, maana kule hata aliyekukasirikia hakuachi na kiu. Kulwa alikuwa anapukuchua mahindi na kaka yake. Mbuke alikuwa pembeni, anapepeta maharage. Nikaomba tuzungumze na Kulwa faragha.

"Semeni hapa hapa," akasema bila kunitazama. "Walishacheka. Kimebaki nini?"

Mimi nilijiandaa kuanza, lakini wewe ukasimama. Ulisema, "Kaka Kulwa, baba yangu hakumwambia mtu. Tovuti yetu ndiyo iliyosema. Mimi niliitengeneza, nikaweka kitu ambacho kinawaambia wafanyabiashara watu wamesoma nini, na sikukuuliza kama unataka. Ilitakiwa uulizwe kwanza, na ukikataa, iwe basi. Nimekiondoa. Nimekuja kukuomba radhi."

Kaka yake akaacha kupukuchua. "Kwa hiyo ni kweli alisoma mambo yale?"

Nakiri nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilitaka kumtetea Kulwa, nitengeneze uongo mdogo wa huruma, niseme labda ni kosa la mtambo. Wewe ukamgeukia yule mkubwa wa nyumba, mtu aliyekuzidi umri mara mbili, ukasema kwa adabu, "Shikamoo kaka. Hilo si langu kulijibu."

Ng'ombe mmoja akalia huko zizini. Kulwa akaweka gunzi chini, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Nilisoma," akasema. "Niliyasoma yote, mara mbili. Na nitakwenda kupimwa."

Mbuke naye akatua ungo. "Nitakwenda naye." Halafu akamtazama shemeji yake, bila kupandisha sauti: "Miaka yote hii, shemeji, mlikuwa mnanipima kwa macho."

Yule kaka alitafuta pa kuangalia, akaangalia mahindi. Sijawahi kuona mtu anapukuchua hindi kwa makini namna ile.

Wewe unaikumbuka siku hiyo kama siku ya aibu. Mimi naikumbuka tukirudi, umelala begani kwangu mdomo wazi, vumbi limekujaa masikioni, na mimi nimejaa furaha ambayo sikuweza kumwonyesha mtu. Nilikuwa nimebeba kifuani kitu kama jiwe tangu siku Kulwa aliponipa mgongo. Mahali fulani kabla hatujaingia mjini nikagundua silioni tena. Sikujua limedondoka wapi.

Kazi iliyofuata ilikuwa kazi tu, lakini niliipenda. Kujisajili kwenye tume hakukuwa na miiba niliyoiogopa, niliogopa zaidi kuliko nilivyosumbuka. Kilichotugombanisha ni yale maneno ya kuomba ruhusa ya msomaji kwenye tovuti. Umesahau? Rasimu yako ya kwanza ilisema, "Kwa kuendelea kutumia tovuti hii unakuwa umekubali." Nikakuuliza, "Hapo umemwuliza mtu au umemwambia?"

"Baba, wote wanaandika hivyo."

"Mimi nikimchoma mtu sindano halafu nikamwambia, kwa kuendelea kukaa kwenye kiti umekubali, utasemaje?"

Ukacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ukafuta. Kisha ukaleta vitufe viwili, cha "Nakubali" kikubwa, kijani, kinang'aa, na cha "Nakataa" kidogo, rangi ya majivu, kimejificha chini kama mtu mwenye deni. Ukasema ndivyo vilivyokuja kwenye mfano uliouchukua. Tukavifanya viwe sawa, rangi moja, ukubwa mmoja. Na ukaenda mbali kuliko sheria yenyewe, ukasema afadhali tusiwe na vidakuzi vyovyote kwenye kurasa za magonjwa. Mimi nikauliza tutajuaje wamekuja wangapi. Ukanitazama tu. Nikasema haya, basi, sina haja ya kujua.

Na kweli sina haja. Ni ajabu jinsi jambo hilo lilivyonipumzisha. Tuliposajiliwa na kila kitu kikakaa sawa, nilitoka nje nikasimama barabarani bila sababu, nikawasalimu watu nisiowajua. Mama yako alidhani nimeugua.

Sasa unakwenda kufanya kazi hiyo kwa ajili ya wengine, hospitali na shule ambazo tovuti zao hazijui zinachosema nyuma ya migongo ya watu. Watakuuliza umejifunzia wapi. Una cheti cha chuo, waonyeshe. Lakini ukikutana na mzee kama mimi, amekunja mikono, anasema sisi ni wadogo, sheria hii ni ya wakubwa, usimfungulie kifungu cha sheria. Mweleze kuna mtu alisoma ukurasa mmoja usiku mmoja kwa sababu alitaka kuokoa ndoa yake, na kilichomkuta. Usimtaje jina wala kijiji. Mzee atakunjua mikono, nakuhakikishia, maana mimi nilikunjua.

Na ukikosea tena, kwa sababu utakosea, fanya kama ulivyofanya. Lia kidogo kama lazima, halafu panda gari uende ulipo ubaya uliotenda. Sina ushauri mwingine juu ya makosa. Nimeishi miaka mingi nikidhani mtu mzuri ni yule asiyekosea, na imenifanya niwe mkali pale nilipotakiwa kusikiliza. Wewe umejua mapema.

Kulwa nilimwomba ruhusa kabla ya kukuandikia haya. Nilimpigia, nikamweleza ni barua ya kwako peke yako. Alicheka, akasema, "Andika, mzee. Yeye alikuwepo."

Najua swali lililobaki mdomoni mwako, umeniuliza kwa njia nyingi tangu wiki iliyopita, mpaka ukajifanya unatafuta bendeji kwenye kabati la majibu ya vipimo. Walikuja hapa wote wawili, wakapimwa wote wawili, Kulwa akapewa matibabu, na juzi Mbuke amekuja tena, safari hii peke yake. Zaidi ya hapo sisemi, mama, hata kwako. Lakini Mbuke mwenyewe amenituma. Amesema ukishafika Dodoma na kupumzika, umpigie simu. Kuna jambo anataka kukuambia kwa mdomo wake.

Mimi nimenyamaza. Ila ukinikuta kesho alfajiri stendi nimebeba begi lako huku nacheka peke yangu, usiniulize kitu. Panda basi.

Anayekupenda na anayelala usingizi mzuri leo,
Baba yako